Kitunguu cha Mafungu Pale Mvua na Ardhi Zinapokataa

Mji wa Anloga, kusini-mashariki mwa Ghana, umekaa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga. Kusini yake ni Bahari ya Atlantiki. Kaskazini ni lagoni ya Keta, ziwa la pwani lenye maji ya chumvichumvi. Mvua ni haba kwa pwani ya Afrika Magharibi, mchanga haushiki maji wala rutuba, na upepo wa bahari haupumziki. Mtu asiyepajua angeshauri minazi na kuishia hapo. Lakini kwa vizazi kadhaa Waewe wa Anlo wamekuwa wakivuna hapo vitunguu vidogo vyekundu, hadi mara tatu kwa mwaka katika tuta lilelile.

Kitunguu chenyewe ni cha mafungu, ambacho wauza mbegu hukiita shaloti. Ni spishi moja na kitunguu maji cha kila siku, ila uzazi wao ni tofauti. Kitunguu maji cha Singida au Mang'ola huanzia kwenye mbegu nyeusi, hukaa kitaluni kwa wiki kadhaa, huhamishiwa shambani na mwishowe hutoa kichwa kimoja. Cha mafungu hupandwa kichwa kizima. Kikishachipua hujigawa ndani ya maganda yake, na kufikia mavuno kimekuwa fungu la vichwa vinne, sita, kumi au zaidi, vilivyoshikana kwenye kitako kimoja.

Kwa mkulima wa mahali pagumu, faida kubwa hapo ni muda. Kwenye joto la tambarare zao hukomaa kwa siku 60 hadi 70. Kwenye baridi ya milimani hufika siku 90 au 100. Hakuna kitalu cha kumwagilia na kulinda kabla shamba halijaanza. Mahali ambapo maji yapo kwa miezi miwili na nusu tu, kitunguu hiki huwahi, huku kile cha mbegu nyeusi kikikauka njiani.

Udhaifu wake nao ujulikane mapema. Mizizi ni mifupi na michache, mingi ikiishia sentimita 30 za juu, hivyo hakiwezi kufuata maji yaliyozama. Tena kila kichwa kipya ni nakala kamili ya kile kilichopandwa. Kama mama alikuwa hodari, watoto wote ni hodari. Kama alikuwa na ugonjwa, wote wamezaliwa nao. Ndiyo sababu habari ya mbegu itajitokeza kila mahali katika mwongozo huu, hata pale tunapozungumzia udongo.

Mbegu kabla ya shamba

Kosa la kwanza hufanyika dukani. Mtu huziona shaloti za rangi ya shaba kwenye supamaketi ya Nairobi au Dar es Salaam, zilizoagizwa kutoka Ulaya, hununua kilo mbili na kuzipanda. Miezi mitatu baadaye ana majani marefu ya kijani na chini hakuna kitu. Udongo haukukosea. Vitunguu huanza kujaza kichwa pale mchana unapofikia urefu fulani, na aina za Ulaya ya Kaskazini husubiri mchana wa saa 14 hadi 16. Dar es Salaam, iliyo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, haiupati mchana huo kamwe: kati ya Juni na Desemba urefu wa mchana hubadilika kwa chini ya saa moja.

Kwa hiyo tafuta mbegu iliyolelewa karibu na ikweta. Brebes, wilaya ya Java ya Kati iliyo kitovu cha kilimo hiki nchini Indonesia, iko kusini mwa ikweta kwa umbali uleule wa Dar es Salaam, na aina yake ya Bima Brebes hukomaa kwa takriban siku 60. Ethiopia ina Huruta, iliyotoka kituo cha utafiti cha Debre Zeit. Kule Tamil Nadu, kusini mwa India, chuo kikuu cha kilimo kilichopo Coimbatore kimetoa aina kadhaa zenye jina la CO. Mojawapo, CO 5, inasifika kwa kutoa maua na mbegu nyeusi kwa wingi, jambo ambalo vitunguu vingi vya mafungu hulifanya kwa shida.

Kuingiza vichwa kutoka nchi nyingine kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Kenya wahusika ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Sheria hiyo isionekane kuwa usumbufu. Ugonjwa wa ukungu uitwao uozo mweupe husafiri na vitunguu vya mbegu, na ukishaingia shambani huweza kungoja udongoni hata miaka 20 bila kuona kitunguu. Kichwa kimoja kilichofichwa kwenye begi kinatosha kuharibu ardhi ya ukoo mzima.

Kwa walio wengi, njia iliyo karibu ni soko la mtaa na majirani wanaolima. Vikague vichwa kimoja kimoja. Cha mafungu mara nyingi kina ubavu uliobapa mahali kilipoegemea ndugu yake, na kitako chake kina kovu la kubanduliwa. Kata kimoja kwa mlalo: ukiona vitovu viwili au vitatu, kila kimoja na duara zake, umepata dalili nyingine. Kitunguu maji cha kawaida nacho huweza kuwa na vitovu viwili, kwa hiyo dalili hizi zisomwe pamoja. Kisha panda vichwa 20 tu msimu wa kwanza. Vikijigawa na kujaza, una mbegu. Visipojaza, umepoteza robo kilo badala ya gunia.

Msomaji aliye Toronto, Minneapolis au Stockholm ana tatizo la kinyume. Akipanda shaloti ya tropiki mwanzo wa kiangazi cha huko, mchana mrefu utaiharakisha ijaze kichwa kabla haijaota majani ya kutosha, na atavuna vichwa vya ukubwa wa karanga. Yeye atafute aina za kaskazini, zile ambazo hupandwa vuli ya huko au mara theluji inapoyeyuka. Zinazopandwa vuli hufukiwa ndani zaidi kidogo na kufunikwa kwa tabaka nene la majani makavu, ili kuganda na kuyeyuka kwa udongo kusizisukume nje.

Mchanga na chumvi

Kinachowezesha kilimo cha Anloga kipo chini ya mchanga wenyewe. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hivyo yakizama huelea juu yake na kufanya tabaka jembamba la maji matamu. Visima vifupi vinavyochimbwa kwa mkono huyafikia maji hayo kabla ya kugusa chumvi. Zamani yalitekwa kwa ndoo na kumwagwa kwa mkono. Siku hizi pampu zimepunguza maumivu ya mgongo, lakini zimeleta hatari yake. Zikivuta kwa pupa, tabaka la juu hukonda na chumvi hupanda kisimani.

Hatari hiyo ni ya kweli kwa sababu kitunguu ni miongoni mwa mazao yanayochukia chumvi zaidi. Wataalamu wa umwagiliaji hupima chumvi ya udongo kwa kipimo cha desisimensi kwa mita. Kitunguu huanza kupungua mavuno udongo unapopita 1.2, na kila desisimensi moja inayoongezeka huondoa kama asilimia 16 ya mavuno. Shayiri, kwa kulinganisha, huvumilia hadi 8 kabla ya kuathirika.

Anayelima Bagamoyo, Kilifi, Lamu au visiwani anaweza kufuata njia ya Anloga bila vifaa vya gharama. Chimba visima vifupi viwili au vitatu vilivyo mbalimbali badala ya kimoja kirefu, na teka kidogo kidogo kutoka kila kimoja. Onja maji: ulimi ukishaihisi chumvi, maji hayo hayafai kwa kitunguu. Ncha za majani zikianza kuungua zikiwa kahawia wakati udongo una unyevu, shuku chumvi kabla ya kushuku ugonjwa. Afisa ugani anaweza kukuelekeza maabara ya kupima, na kwa shamba la biashara gharama hiyo ni ndogo kuliko msimu uliopotea.

Rutuba ya mchanga wa Anloga huletwa kutoka nje: samadi ya ng'ombe, kinyesi cha popo, dagaa walioharibika, na siku za karibuni samadi ya kuku. Kwa matuta yetu, ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri hutosha mita 4 hadi 5 za mraba. Kwenye mchanga igawe mara mbili, nusu kabla ya kupanda na nusu wiki ya tatu, kwa kuwa maji huishusha haraka nje ya kufikiwa na mizizi. Samadi ya kuku ipunguzwe hadi nusu ya kiasi hicho na iwe imeoza kabisa; ikiwa mbichi huunguza mizizi na yenyewe ina chumvi. Upande unaotoka upepo simamisha ua wa makuti.

Mwamba na kiu

Nchini Mali, kwenye nyanda za Bandiagara wanakoishi Wadogon, tatizo la mchanga lingekuwa neema. Sehemu kubwa ni mwamba mtupu. Wakulima hubeba udongo kwa vikapu hadi juu ya mwamba, huuzungushia mawe, na kupata vijishamba vya mraba visivyozidi upana wa chumba kimoja. Mvua hukoma mapema, kwa hiyo vitunguu hupandwa msimu wa ukavu, kandokando ya mabwawa madogo yaliyozuiwa kwenye mabonde. Bwawa la Sangha lilijengwa kwa msukumo wa Marcel Griaule, mwanaanthropolojia wa Kifaransa aliyefanya utafiti huko na kufariki mwaka 1956. Maji hutekwa kwa vibuyu na kunyunyizwa juu ya majani, asubuhi na jioni.

Somo la Bandiagara ni hesabu ya maji. Mdogon hapimi ardhi kwanza, kwa maana ardhi anaijenga mwenyewe, hupima bwawa. Mkulima wa Dodoma, Kitui au Makueni naye aanzie hapo. Tuta la mita 1 kwa 10 hunywa lita 40 hadi 50 kwa siku wakati wa joto, yaani ndoo mbili au mbili na nusu. Kwa siku 65 za kumwagilia hiyo ni kama lita 3,000. Tangi la lita 5,000 lisilojazwa tena halitoshi hata matuta mawili. Ni afadhali tuta moja lililoshiba kuliko manne yenye kiu, kwa sababu kitunguu kilichokosa maji wiki mbili tu katikati ya ukuaji hujihisi kimefika mwisho na huanza kufunga kichwa kikiwa kidogo.

Mwagilia kidogo na mara nyingi. Kwenye mchanga kila siku. Kwenye kichanga chenye samadi nyingi siku moja ukiruka moja. Kwenye mfinyanzi kila siku tatu au nne. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita tatu hadi tano, ila ziache mbali kidogo na shingo za mimea. Matandazo hayo hupoza udongo pia, na jambo hilo ni la maana kuliko linavyodhaniwa: joto kali huharakisha ufungaji wa kichwa. Ukiwa na hiari ya tarehe, mahali pa joto panda ili zao likue wakati wa kipupwe.

Maji yakizidi

Brebes ni kinyume cha Bandiagara. Ni tambarare ya mpunga, udongo mzito, maji yamekaribia uso wa ardhi. Wakulima wa huko hugeuza jaruba kuwa matuta mapana yaliyotenganishwa na mitaro yenye upana na kina cha karibu nusu mita. Maji hubaki mtaroni. Mkulima huingia humo na kuyarushia matuta kwa chombo chenye mpini, akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa tuta. Mizizi inakaa juu ya maji, na mvua kubwa ikija hushukia mtaroni bila kutuama kwenye vitako.

Mabonde yetu ya mpunga, kama Kilombero, Mwea, Ahero na uwanda wa Rusizi, yanaweza kuupokea mpango huo mara mpunga unapovunwa. Kuna faida ya ziada ambayo haionekani kwa macho: shamba lililofunikwa na maji miezi kadhaa hupunguza minyoo fundo na ukungu wa kuoza kitako, ambao ni adui wa kitunguu kinachorudiwa mahali pamoja. Pasipo mpunga, zungusha mazao na urudi na kitunguu baada ya miaka mitatu au minne, ukikumbuka kwamba kitunguu saumu ni cha ukoo huohuo na hakihesabiki kuwa mapumziko.

Mvua ya joto huleta baka zambarau. Huanza kwa vidoa vidogo vyeupe vilivyobonyea, kisha hupanuka na kuwa vya zambarau vyenye ukingo wa njano, na jani huvunjika hapo. Vijidudu vyake vinahitaji jani lililolowa kwa saa nyingi. Kwa hiyo mwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya jua kuzama, panua nafasi kati ya mistari, na elekeza matuta kule upepo unakopita. Dawa zenye mankozebu husaidia zikiwahi, kwa kufuata maelezo ya kifungashio; jani likishageuka zambarau halirudi.

Baridi ya milimani

Ethiopia imekula shaloti muda mrefu kabla kitunguu maji kikubwa hakijaenea huko. Mchuzi wa wot huanza kwa vitunguu vingi vilivyokatwa vidogo na kukaangwa kwenye sufuria kavu, polepole, kabla mafuta hayajaongezwa, na mapishi hayo yanadai kitunguu chenye ukali na maji machache. Zao hilo limekomaa kwenye nyanda za juu zenye usiku wa baridi, na huko ndiko mtu anapojifunza tatizo la maua.

Kitunguu kilichopitia wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10 au 12 hudhani kimevuka majira na hutoa bua la maua. Nguvu iliyokuwa ya kujaza kichwa huhamia kwenye bua, na vichwa vinavyobaki huwa na shingo nene isiyofunga. Lushoto, Njombe, Limuru, Kabale na Musanze wakulima watakutana nalo. Dawa yake iko ghalani na shambani kwa pamoja. Vitunguu vya mbegu vihifadhiwe mahali pa joto, nyuzi 25 hadi 30, wala visiwekwe kwenye stoo ya baridi. Shambani, vunja kila bua likiwa bado changa, chini kabisa, siku ya jua; lile bua ni mboga nzuri, lisitupwe. Aina inayotoa mabua kila msimu bila kukoma haifai kwa mwinuko wako. Iache na utafute nyingine.

Ukungu wa asubuhi milimani huja na ubwiri unyoya, unaoonekana kama vumbi la kijivu lenye uzambarau kwenye majani yenye umande. Panga tarehe ili majani yakue wakati wa mvua, na ukavu uje wakati wa kujaza vichwa. Kwa mahali penye misimu miwili, hiyo huwa ni kupanda pale mvua ndefu zinapoanza kulegea, wala si siku ya mvua ya kwanza.

Kupanda kwenyewe

Kitunguu kilichovunwa leo hakioti kesho. Kina usingizi wa mwezi mmoja hadi mitatu kulingana na aina, na kukipanda mapema ni kuozesha mbegu. Ili kujua kama kimeamka, kata kimoja kwa wima. Kikonyo cha kijani kilicho ndani kikiwa kimevuka nusu ya urefu wa kichwa, wenzake wako tayari. Wakulima wa Java huharakisha kwa kukata ncha ya juu, robo hadi theluthi ya kichwa, siku ya kupanda au kabla yake kidogo, na kuacha jeraha likauke. Mahali penye mvua nyingi ni busara kutokata, kwa kuwa jeraha ni mlango wa kuoza.

Ukubwa wa mbegu huamua sura ya mavuno. Kichwa kikubwa hujigawa sana na kutoa vingi vidogo. Kichwa kidogo hutoa vichache, vikubwa zaidi. Kwa soko linalotaka ukubwa wa wastani, chagua mbegu za gramu 5 hadi 10. Umbali wa sentimita 15 kati ya mimea na 20 kati ya mistari huweka vichwa kama 330 kwenye tuta la mita 1 kwa 10, yaani kilo 2 hadi 3 za mbegu. Kwa hekta nzima ya matuta hiyo hufika tani mbili hadi tatu, mzigo unaowashtua wanaozoea pakiti za mbegu nyeusi, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa anayeanza. Anayejizalishia mbegu huilipa mara moja.

Sukuma kila kichwa udongoni kitako kikiwa chini hadi ncha ilingane na uso wa ardhi. Kwenye mfinyanzi acha ncha ichungulie kidogo; kwenye mchanga wenye upepo funika sentimita moja. Udongo wa pH 6 hadi 7 unafaa. Palizi ifanywe kwa mkono na mapema, kwa kuwa majani membamba ya kitunguu hayafuniki ardhi na magugu hupata mwanga wote. Mbolea ya naitrojeni, kama unatumia, iishe kabla ya wiki ya tano. Ikiendelea, shingo hunenepa na vitunguu havitadumu ghalani.

Wadudu wawili watakutafuta. Wakati wa joto na ukavu ni vithiripi, vijidudu vyembamba vinavyojificha mahali majani yanapokutana na kuacha michirizi ya rangi ya fedha. Kunyunyiza maji kwa nguvu asubuhi huviangusha vingi, na matandazo huvipunguza. Wakati mwingine ni viwavi. Nondo hutaga mayai kwa mafungu yaliyofunikwa manyoya meupe, karibu na ncha za majani. Viwavi wakianguliwa hutoboa na kuingia ndani ya jani lililo wazi kama mrija, ambako dawa haiwafikii. Brebes wakulima wamepulizia sumu nyingi juu ya wadudu hawa, na usugu umewafuata. Njia isiyochosha mfuko ni kupita matutani kila siku mbili, kuchuma ncha zenye mayai na kuziteketeza. Huko Java mashamba mengine huwashwa taa usiku juu ya beseni za maji ili nondo waangukie humo.

Kuchagua wazazi

Hapa ndipo mashamba mengi hufa polepole. Mavuno yakija, vichwa vikubwa huuzwa, vya wastani huliwa, na vile vidogo visivyotakiwa na mtu huwekwa kuwa mbegu. Vitunguu vya mafungu hubeba virusi, vikiwemo vya udumavu wa njano vinavyosambazwa na vidukari, na virusi hivyo huhamia kwenye kila kichwa kipya. Mmea mgonjwa hutoa vichwa vidogo. Anayepanda masalia, bila kujua, anachagua wagonjwa kila msimu, na baada ya miaka michache huilaumu ardhi kwa kuchoka.

Mbegu ichaguliwe shambani majani yakiwa bado yamesimama. Wiki ya sita au ya saba pita na vijiti. Chomeka kijiti kando ya kila shina lenye majani ya kijani kibichi yaliyonyooka, lisilo na maua, lililojigawa vizuri. Siku hiyohiyo ng'oa kila mmea wenye michirizi ya njano, majani yaliyosokotana au udumavu, uutoe nje ya shamba. Usisubiri uone kama utapona. Wakati wa mavuno, mafungu yenye vijiti yavunwe peke yake, na ndani yake chukua vichwa vya gramu 5 hadi 10, vigumu, visivyo na jeraha. Kichwa kidogo kutoka fungu zuri ni mbegu nzuri. Kichwa kidogo kutoka fungu baya ni ugonjwa uliohifadhiwa. Ghalani hutaweza kuvitofautisha, na hakuna kazi ya saa moja kwenye zao hili inayolipa kuliko hii.

Mavuno na ghala

Acha kumwagilia siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna. Zaidi ya nusu ya majani yakishalala chini yenyewe, ng'oa siku kavu. Usiyakanyage ili yalale haraka. Shingo iliyovunjwa ni njia ya ukungu. Funga mafungu kwa majani yake, yaning'inize kivulini penye upepo kwa wiki moja hadi mbili, mpaka shingo zikauke na maganda yapige kelele yakisuguliwa. Java mafungu hutundikwa juu ya dari ya vijiti, mengine yakipata moshi mwembamba kutoka chini, unaofukuza wadudu na unyevu. Dari ya jiko la kuni la kwetu hufanya kazi ileile.

Kitunguu hulala vizuri kwenye baridi inayokaribia sifuri au kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Katikati, hasa nyuzi 10 hadi 15, huchipua upesi. Kwa hiyo chumba chenye joto kavu kinashinda jokofu la nyumbani, na anayeishi mahali pa baridi ya wastani avitundike jikoni. Kila wiki mbili papasa mafungu na uondoe kilicholainika.

Soko likiporomoka wakati wote wanavuna, kuna njia ya Bandiagara. Wanawake wa Kidogon hutwanga vitunguu na majani yake, hufinyanga madonge na kuyaanika juani. Madonge hayo hukaa miezi mingi na husafirishwa mbali kwenye masoko ya Afrika Magharibi. Kwa nyumba ya huku, kata vipande vyembamba, anika juu ya wavu uliofunikwa kitambaa chepesi kwa siku tatu au nne hadi vivunjike vikikunjwa, kisha weka kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kabla ya kuuza au kukausha chochote, tenga mbegu na uipime. Kwa miezi miwili au mitatu ya kungoja, robo hadi theluthi ya uzito hupotea kwa kukauka na kuoza, hivyo anayetaka kupanda kilo 10 atenge 15.